Jibu kwa Eliakunda, Anayeuliza kama Sanya Juu Panakalika

Umeuliza kwa ujumbe mfupi, kaka, mfupi kweli:
"Hapo panakalika?"
Kama mtu anayeuliza bei ya kitunguu
akiwa bado ndani ya gari.

Nimechukua daftari. Unajua nina daftari,
tangu shule iliponiachia kipimo cha mvua chenye ufa
na barua ya kustaafu, siku hiyohiyo.
Kila saa tatu asubuhi nasoma, naandika.
Aprili: siku kumi na tisa za mvua.
Mei: kumi na tano, lakini siku moja mbuzi wa mama Aikaruwa
aliyanywa maji ya kipimo,
kwa hiyo weka kumi na sita.
Julai sikuandika namba. Niliandika:
Ukungu. Ukungu. Leo nao.

Julai shati hukaa kambani siku tatu
na likishuka linanuka mbwa aliyenyeshewa.
Utalala na sweta, na soksi, utacheka,
kisha hutacheka.
Kwa kifua chako hicho kilichokula vumbi la saruji
sikudanganyi: Julai itakukagua.
Februari nayo ina upepo wake, unapanda kutoka bondeni
na udongo hadi ndani ya chumvi.

Lakini kuna asubuhi za Septemba,
saa kumi na mbili na nusu, mawingu hayajaamka,
mlima umekaa wazi, karibu mno,
hata unaona haya kutoka nje na kanga ya kulalia.
Theluji imebaki kidogo, Elia,
kama kipande cha sabuni kilichosahaulika bombani.
Tulipokuwa wadogo ilikuwa mche mzima.

Ukauliza tena: "Na mapumziko je? Michezo ya nje?"
Mambo hayo tumewaachia watoto.
Mvua ikikatika wanakata gogo la mgomba,
wanalikalia, wanateleza nalo mteremko wa kanisani
mpaka kwenye ua wa Ndelilio, anayeapa kuwashtaki
tangu mwaka ule ulipouvunja wewe.
Jumapili kuna mpira. Uwanja umeinama:
wanaoshambulia kuelekea chini hufunga kipindi cha kwanza,
wenzao cha pili.
Ndiyo maana sare ni nyingi.

Mtu mzima hatembei bure. Jaribu.
Pita barabarani mikono mitupu saa kumi jioni.
Nyumba ya kwanza: "Kuna msiba?"
Ya pili: "Umepotelewa na ng'ombe?"
Ya tatu wanakuombea.
Daktari wa Moshi aliniambia nitembee,
dakika arobaini, sukari ishuke.
Nikapata dawa ya macho ya watu:
kidumu kitupu, lita tano.
Nikikishika, mimi ni mwanamke aendaye mtoni.
Hakuna swali.

Napita mfereji, napita palipokuwa na kahawa
na sasa ni nyanya za kijana mmoja mwenye madeni,
nafika ukingo wa msitu.
Mbega wamekaa juu
kama mapadri waliochelewa misa na hawajali.
Nakaa kwenye jiwe. Sifanyi kitu.
Hilo halimo daftarini;
sijajua linasomwa kwa kipimo gani.
Narudi na kidumu kitupu vilevile.
Nadhani wanajua. Miaka sita sasa,
na bomba liko uani kwangu.

Basi, panakalika?
Usije Julai ukapahukumu. Njoo Agosti ikiisha.
Maji ya kuoga utachemsha mwenyewe,
kuni zipo, na mgongo wako upo.
Sweta la marehemu Ndewirwa nimelitia viraka viwikoni,
litakutosha ukikubali kupumua nusu.
Na jana gulioni, kwa muuza mafuta ya alizeti,
nimenunua kidumu cha pili.
Chako kina mfuniko wa bluu.